Taa Niliyoibandika Plasta

Taa ya oili kwenye gari langu ilichorwa mfano wa birika lenye mdomo mrefu, na tone moja likidondoka. Ni nyekundu. Kwa miaka minne niliiona tu pale ninapozungusha ufunguo, kisha injini ikishika, inazimika. Siku ilipowaka na kukataa kuzimika nilikuwa nimesimama kwenye makutano ya kuingia mjini Machakos, injini imepata moto, mama yangu amelala kiti cha nyuma juu ya godoro la sponji. Nilikanyaga mafuta kidogo, taa ikazimika. Nikaachilia, ikarudi. Nilitukana kimoyomoyo, maana mama alikuwa nyuma.

Gari lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilikuwa la mkono wa tatu, rangi yake zamani ilikuwa krimu, na mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu. Nililinunua nilipostaafu kiwanda cha saruji cha Athi River nikarudi nyumbani upande wa Masinga, kulima mahindi yanayokauka na kunde zinazoliwa na wadudu. Lilikuwa la kubebea mbolea. Kisha figo za mama zikafeli, na gari likapata kazi nyingine. Kila Jumanne na Ijumaa nilimpeleka Machakos kusafishwa damu, alale kwa muda wa saa nne kwenye mashine, halafu nimrudishe. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba asikose hata siku moja. Kwenye boda boda hangeweza kukaa, alikuwa amekonda hadi mifupa inamuuma akiketi wima. Ndugu zangu wako mbali, kila mmoja na sababu zake, na mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Tulibaki watatu: mama, mimi na gari. Gari likifa, mama anakufa. Nililijua hilo kila nilipotia ufunguo.

Siku ile nilipomwacha kwa wauguzi nilirudi kwenye maegesho nikafungua boneti. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imefika alama ya juu kabisa, safi, nilikuwa nimeibadilisha si muda mrefu. Sasa taa inalia nini? Hapo nikafanya jambo nililolijua kuliko yote duniani. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake juu ya injini, mpini nikaukandamiza sikioni, nikasikiliza.

Lazima nieleze, kwa sababu hapa ndipo upumbavu wangu ulipokaa. Kiwandani nilikuwa fundi wa vinu. Kinu cha saruji ni pipa kubwa la chuma linalozunguka mchana na usiku, ndani yake mna mipira ya chuma inayoponda mawe, na kelele yake huisikii kwa masikio tu, unaisikia kwa meno. Kazi yetu ilikuwa kujua beringi ipi inaanza kuharibika kabla haijaharibika. Mitambo ya kupimia ilikuwepo, lakini sisi wazee wa vinu tuliidharau. Tulitumia bisibisi na sikio. Tulipewa vizibo vya kuzuia kelele, tukavitia mfukoni, maana fundi aliyeziba masikio alikuwa kichekesho kwa wenzake. Tulisema huyo ni karani. Wakubwa waliniita kutoka nyumbani, hata siku ya mapumziko, nije niweke sikio langu mahali. Nikisema beringi ni nzima, ilikuwa nzima. Miaka ishirini na saba watu walinipigia makofi kwa sikio hilo, na mtu akisifiwa muda mrefu namna hiyo huanza kuzisadiki sifa zake.

Basi niliweka sikio kwenye injini. Nilisikia mngurumo mzito, laini, uliotulia. Hakuna kugonga, hakuna kukwaruza. Nikasema injini ni nzima na taa ni mwongo.

Nililipeleka gari kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, wale wanaojua ugonjwa wa gari lako kabla hujashuka. Hakuuliza chochote. Alisema ni swichi ya oili inayowasha taa, akafungua iliyokuwepo, akafunga nyingine iliyotoka kwenye gari la mtu mwingine, na taa ikazimika. Nilimshukuru kama mganga. Wiki mbili tulienda na kurudi kwa amani, kisha Ijumaa moja, palepale kwenye makutano, birika likawaka tena. Nikamwaga oili, nikaweka nzito zaidi. Ikazimika. Jua likawa kali, oili ikalainika, taa ikarudi.

Wakati huo wote mama alikuwa nyuma yangu, na ninachokumbuka ni kioo. Nilizoea kumtazama humo kila baada ya kitambo kuhakikisha yu salama. Alilala ubavu, rozari imezungushwa mkononi, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasali. Nilijiambia mama yangu anazungumza na Mungu wake, nisimwingilie. Nikamwachia barabara yote, kwenda na kurudi. Nyakati nyingine alinyamaza akinitazama kisogo kwa muda mrefu, na hilo nalo niliona ni la kawaida kwa mgonjwa.

Kuna mambo ambayo mtu mwenye akili angeyaunganisha. Marehemu mke wangu aligombana nami kwa miaka juu ya redio, kwamba naifungulia kwa sauti kubwa kama tuna matanga. Nilimwona mgomvi. Majirani nilipozungumza nao niliwakodolea macho, na wao wakaniona mtu makini. Mama alipokuwa na nguvu zake sauti yake ilivuka mto, ungeisikia hata ukitaka usisikie. Ugonjwa ukaikondesha pamoja na mwili. Nyumbani nilipomlisha uji nilikaa mbele yake nikimwangalia usoni, na tulielewana vizuri tu. Kwa hiyo sikujua. Au nilijua mahali fulani na sikutaka kwenda huko, sina uhakika tena.

Taa ilipokuwa inawaka kila safari, nilianza kuichukia. Ilinitisha, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba inasema uongo, hofu ile ilinikasirisha. Wauguzi walikuwa wakimfunga mama plasta nyeupe mkononi palipochomwa sindano, na walitupatia roli moja tuwe nayo nyumbani. Ijumaa moja, tukisubiri ng'ombe wavuke barabara, nilikata kipande cha plasta hiyo kwa meno nikaibandika taa. Dashibodi ikawa shwari. Mafundi wenzangu wa vinu wangenielewa: taa ni ya mtu asiye na sikio. Niliendesha hadi nyumbani nikiwa na raha ambayo sikuwa nayo kwa wiki nyingi, na hadi leo nikiikumbuka raha ile nataka kutapika.

Baada ya hapo mama alibadilika. Uji alionja vijiko viwili tu. Jirani aliyekuja kumwogesha aliniambia kwamba mama hazungumzi, anageukia ukutani. Siku za safari alivaa taratibu, kama mtu anayevalishwa na mwingine, na ndani ya gari midomo yake haikucheza tena. Nilidhani ni damu, kwamba labda mashine haimsafishi vizuri. Nilimuuliza daktari, naye akasema vipimo si vibaya kwa umri wake.

Ijumaa ya mwisho nilihisi kitu kwenye nyayo. Sikukisikia, nilikihisi: dundo zito likipanda kwenye kanyagio tulipokuwa tukipanda mlima wa kuingia mjini. Nilimfikisha mama hospitalini, nikalikokota gari hadi mtaa wa Mumbuni, kwa fundi niliyeambiwa ni mtu wa polepole lakini wa hakika. Alikuwa mzee kunizidi kidogo, amevaa ovaroli iliyofuliwa. Nilimpa historia yote: swichi, oili nzito, bisibisi yangu. Plasta sikuitaja, lakini aliiona mwenyewe alipoingia kuwasha injini. Aliibandua kwa ukucha, akaibandika juu ya usukani.

Injini ikanguruma. Nilisimama mbele ya boneti iliyo wazi, nimeinama kusikiliza kwa fahari yangu ya zamani, yeye akizungukazunguka. Nilishtuka aliponigusa bega. Alizima injini kwanza, akaja kusimama mbele yangu.

"Mzee, nimekuuliza swali mara tatu," alisema. "Niko hapa nyuma yako."

Nikamwambia sikumsikia kwa kelele za injini. Alitikisa kichwa. Akaniuliza kama nasikia ile tikitiki ya juu, ya vali, inayolia kama cherehani. Nilimwambia hakuna tikitiki. Akaniuliza nilifanya kazi wapi. Nilipomjibu, aliguna tu. Kaka yake naye, aliniambia, alikuwa wa vinu, na siku hizi watu wa nyumbani humwita kwa kumtupia vijiwe.

"Hii gari imekuwa ikilia miezi, mzee. Mtoto mdogo angeisikia," alisema. Wala hakulisema kwa ubaya.

Alifungua swichi ya oili, mahali pake akafunga geji, kidude cha mshale ambacho kingechukua robo saa kufunga siku ile ya kwanza kama ningekubali kwamba kuna kitu duniani kinachojua kuliko sikio langu. Injini ilipokuwa baridi mshale ulipanda. Injini ilipopata moto ulianza kushuka, taratibu, hadi ukalala karibu na sufuri. Alinieleza akinitazama, akitamka kila neno. Oili iko, ndiyo maana kijiti kilisema imejaa. Lakini kijiti hupima wingi, na taa hupima nguvu. Beringi za chini zimeliwa, oili inavuja pembeni, haina nguvu ya kupanda juu. Ningekuja mapema, angebadilisha beringi na pampu, na gari lingeendelea. Sasa kranki yenyewe, ule mhimili unaozunguka juu ya beringi hizo, imechimbwa. Aliniambia nisiliwashe tena, hata kulitoa pale uani.

Nilitembea kwa miguu hadi hospitalini. Njiani nilijaribu kusikiliza mji. Niliona mdomo wa mama muuza ndizi ukifunguka, nikaona vijana wawili wa boda boda wakicheka, nikaona kengele ya baiskeli ikipigwa kwa kidole gumba. Sauti niliyoisikia ilikuwa moja tu, mngurumo mmoja mzito, laini, uliotulia. Nikaitambua. Ndiyo ile niliyoisikia kwenye injini. Nilikuwa nimeweka bisibisi juu ya gari na kusikiliza uziwi wangu mwenyewe, nikautolea cheti.

Mama alikuwa amemaliza, amekaa kitandani mkono umefungwa. Nilivuta kiti nikakaa uso kwa uso naye. Nikamuuliza kama, tukiwa njiani, aliwahi kusikia kitu kikilia kwenye gari.

Alishangaa. Alisema, kwa Kikamba, kwamba aliniambia siku nyingi, tangu mvua zilipokuwa hazijaisha. Aliniambia kuna kitu kinatetemeka mbele huko kama kifuniko cha sufuria. Sikumjibu. Akaniambia tena safari nyingine, nikanyamaza. Akaona labda namchukia kwa kuniingilia uendeshaji, akaacha habari ya gari, akaanza kuniuliza mambo mengine, ya shamba, ya mbuzi, ya mke wangu nilivyomzika. Nilikaa kimya, natazama barabara.

"Halafu nikakuuliza lile lingine," alisema.

Sikutaka kujua. Nikamuuliza hata hivyo.

"Nilikuuliza kama umechoka na mimi. Nilikwambia, mwanangu, kama umechoka, niambie, niache kuja. Ulinitazama kwenye kile kioo. Ukatazama barabara."

Kwetu mtu mzima haambiwi kwa maneno kwamba amekuwa mzigo. Hilo ni laana. Watu hunyamaza, na mwenye kuelewa ataelewa. Mama yangu alilelewa hivyo na alitulea hivyo hivyo. Alikuwa ameuliza, akapewa jibu kwa adabu, akalipokea kwa adabu. Alinishika mkono akaniambia hana kinyongo, kwamba mtu wa umri wangu naye anahitaji kupumzika, na kwamba amekwisha kumwambia muuguzi asubuhi ile kuwa leo ndiyo mwisho.

Nilimwambia mimi ni kiziwi. Nililisema kwa mara ya kwanza maishani, nikalisema kwa sauti kubwa mno, maana wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka. Nilimweleza vinu, fundi, tikitiki ya vali. Nililia. Alinifuta uso kwa ncha ya leso yake, na nikaona kwamba hakuniamini. Tulikuwa tumekaa tukizungumza, mimi nikimjibu kila neno, kiziwi gani huyo? Aliona mtoto wake anatunga uongo wa huruma. "Basi, basi," alisema. "Nimeelewa."

Tulirudi kwa gari la kukodi. Jumanne nilikodi jingine, likaja hadi mlangoni, akakataa kuvaa. Nilimsihi. Nikamletea katekista, akamsikiliza kwa heshima, akakataa. Ijumaa vilevile. Nilifikiria kumbeba kwa nguvu na nikashindwa, kwa sababu angeona ni tamthilia ya mtu anayetafuta kusafisha dhamiri. Miguu yake ilianza kuvimba. Nilikaa naye nikimwangalia midomo kila sekunde, sikupitwa na neno hata moja, na ndivyo nilivyoharibu zaidi, maana kadiri nilivyomjibu ndivyo alivyozidi kuhakikisha kwamba nasikia.

Jumapili mchana alitaka kuota jua. Nikamtoa nje, nikamwegemeza kwa mito ukutani, na nilipoona amesinzia nikakaa mbali kidogo kurekebisha mpini wa jembe, mgongo nimempa. Sijui nilikaa muda gani. Nilipogeuka kuchukua msumari nilimkuta macho wazi, ameshika kikombe cha bati mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Nilikimbia nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza anaumwa wapi.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita kwa jina lako la utotoni. Nikagonga kikombe. Kuku wote wameinua vichwa."

Aliniangalia masikio, moja baada ya jingine, kama alivyoyakagua nilipokuwa mdogo asubuhi za kwenda kanisani. Akayashika yote mawili kwa mikono yake iliyovimba. "Kumbe ni kweli," alisema. Kisha akacheka, kicheko chenye pumzi fupi, akasema mimi ni mjinga, baba yangu alikuwa mjinga, na yeye mwenyewe ni mjinga kutupita wote.

"Basi nipeleke," alisema. "Sijachoka. Nilidhani wewe ndiye umechoka."

Nilimwomba jirani anipigie simu hospitalini, hapakuwa na wa kupokea, Jumapili mashine hupumzishwa. Akapiga kwa mwenye gari la kukodi, naye akaahidi kuja Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Jioni ile mama alikula uji bakuli zima. Alichagua nguo yake ya safari, ya buluu, akataka nimwekee juu ya kiti aione. Alizungumza sana, nami nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamsikia yote.

Gari lilifika kwa wakati. Lilikuwa jipya jipya, dashibodi safi, hakuna taa iliyokuwa ikiwaka. Dereva alishuka, nikaona mdomo wake ukiuliza mgonjwa yuko wapi. Nilisimama mlangoni nimeshika ile nguo ya buluu ambayo mama hakuamka kuivaa, nikamwambia arudi tu.